Saladi ya Matunda Karatina: Historia ya Kitindamlo na Ushahidi wa Majina

Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya saladi ya matunda katika mji wa Karatina, ulioko Nyeri, kusini-magharibi mwa Mlima Kenya. Kwa kawaida chakula hiki huhesabiwa kuwa urithi wa Wazungu, ulioletwa na mahoteli na majiko ya misheni. Dai hilo lina ukweli wake, lakini ni ukweli wa bakuli, si wa vilivyomo bakulini. Majina ya matunda yanaonyesha kwamba vitu vinavyochanganywa humo vilifika kwa vipindi mbalimbali, na kwamba sehemu kubwa yake ilipitia Bahari ya Hindi na lugha ya Kiswahili.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Kitindamlo limeundwa kwa njia ile ile iliyounda kitindamimba, yaani mtoto wa mwisho. Basi kitindamlo ni kile kinachoukata mlo. Neno hilo linadokeza kwamba mlo una mpango: kuna cha kwanza na kuna cha mwisho. Katika maisha ya zamani ya Wakikuyu mpango huo haukuwapo. Ndizi mbivu ililiwa wakati wowote, na mbichi ikachomwa au ikapikwa na kupondwa pamoja na vyakula vingine.

Tabaka la kwanza: ndizi

Asili ya mgomba ni Asia ya kusini-mashariki na Guinea Mpya. Ulikwisha kuenea katika Afrika ya Mashariki kabla ya kuandikwa habari nyingi za eneo hili. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyeandika katika karne ya 10, alisema kwamba ndizi zilikuwa nyingi katika nchi ya Zanj kama zilivyo India. Wakikuyu huliita tunda hili irigũ, wingi wake marigũ. Jina hilo halifanani na ndizi ya Kiswahili, wala halionyeshi dalili ya kukopwa pwani. Hivyo ndizi ni tabaka la kale zaidi: Wakikuyu waliijua na kuipa jina lao kabla ya misafara ya biashara.

Tabaka la pili: matunda ya pwani

Hali ni tofauti kwa matunda mengine. Embe katika Kikuyu ni iembe, chungwa ni icungwa, ndimu ni ndimũ, nanasi ni nanathi, na papai ni babai. Yote haya ni maneno ya Kiswahili yaliyovikwa sauti za Kikuyu. Mathalan, sauti s ya nanasi imegeuka th. Matunda yalipanda bara pamoja na majina yake.

Historia ya pwani inaunga mkono ushahidi huo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa wali wenye samli na vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari ya ndimu na ya embe. Alieleza kwamba embe likiiva huwa tamu sana na huliwa kama tunda, na likiwa bichi huwa kali kama ndimu. Huko Mombasa aliona migomba na miti ya ndimu. Vasco da Gama naye alipofika Mombasa mwaka 1498 alipelekewa na mfalme wa mji machungwa, malimau na miwa. Kwa hiyo ladha ya tamu na chachu kukaa pamoja mezani haikungoja Wareno.

Walichokileta Wareno ni matunda ya Amerika: nanasi, papai na pera. Baada ya hapo ilipita miaka mingi kabla matunda hayo hayajafika mlimani. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilifika nchi ya Wakikuyu kutafuta vyakula na pembe, na lugha ya misafara hiyo ilikuwa Kiswahili.

Tabaka la tatu: meza ya kikoloni

Waingereza walijenga ngome Nyeri mwaka 1902. Misheni ya Tumutumu, karibu na Karatina, ilianza mwaka 1908. Hoteli ya Outspan ilifunguliwa Nyeri mwaka 1928, na reli iliyopita Karatina ikafika Nanyuki mwaka 1930. Ndipo ulipokuja mpango wa kukatakata matunda mbalimbali, kuyachanganya na kuyaandaa baada ya nyama. Wafaransa huuita mchanganyiko huo macédoine, jina lililotokana na Makedonia, nchi iliyosifika kwa kukaliwa na watu wa makabila mengi. Wapishi wengi wa mahoteli hayo walikuwa Waafrika. Wao ndio waliokata na kuchanganya, kisha ufundi huo wakaurudisha majumbani.

Kipindi hicho hicho kilileta karakara, tunda la Amerika ya Kusini. Katika Karatina tunda hili huitwa matunda tu: neno la Kiswahili la jumla limekuwa jina la aina moja. Maji yake makali yana kazi katika bakuli, kwa kuwa asidi huzuia ndizi iliyokatwa isigeuke nyeusi.

Soko na faida

Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda cha kukausha mboga kilianzishwa Karatina kwa ajili ya jeshi, na wakulima wa Nyeri wakazoea kukiuzia mazao. Vita vilipokwisha wakulima walitaka kazi hiyo iendelee, lakini kiwanda kilifungwa. Tukio hilo lahusu mboga, wala si matunda, lakini linaeleza jambo la msingi: mwenye shamba aliachiwa kuuza zao zima, na faida ya kulitengeneza ikabaki kwingine. Tangu miaka ya 1990, bei ya kahawa ilipowavunja moyo wakulima, wengi walipanda migomba iliyooteshwa maabara ili isiwe na wadudu na magonjwa. Hata hivyo mkungu bado huondoka shambani mzima. Anayepata bei ya bakuli ni yule anayekata.

Hitimisho

Ni dhahiri basi kwamba saladi ya matunda ya Karatina haina asili moja. Ndizi ni ya kale na ina jina la wenyeji. Embe, chungwa, nanasi na papai zilikuja na Kiswahili. Utaratibu wa kuziandaa mwisho wa mlo ulikuja na ukoloni. Kuiita chakula cha Kizungu ni kuhesabu tabaka la juu peke yake na kuyasahau yaliyolibeba. Mwanafunzi wa lugha anayetaka kuyasoma matabaka hayo atayakuta katika soko la Karatina, katika majina ambayo wauzaji huyataja kila siku ya gulio.