Gobori na Albini: nani alifundishwa kulenga hapa Maniema?

Hapa kwetu Maniema mwindaji mwenye gobori anajua jambo moja: lazima amkaribie mnyama. Akipiga kutoka mbali, risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Wengine husema ni bahati mbaya, wengine husema bunduki imelogwa. Sababu yenyewe imo ndani ya mtutu, na sababu hiyo ilichangia kuamua nani atatawala nchi hii mwishoni mwa karne ya 19.

Mtutu wa gobori ni laini ndani. Risasi yake ni ya duara na ni ndogo kidogo kuliko tundu, ili iweze kusukumwa kutoka mdomoni. Baruti ikiwaka, risasi inagonga kuta huku na huku, na mgongo wa mwisho unaogonga ndio unaoamua itakwenda wapi. Mara kushoto, mara kulia. Bunduki ya namna hiyo huwezi kuirekebisha, maana haina kosa moja. Ina makosa mapya kila inapolia.

Bunduki iliyochorwa mifereji ndani ya mtutu ni mambo mengine. Mifereji inaizungusha risasi, nayo inakwenda imetulia kama pia. Ikikosa, inakosa upande ule ule, na kosa linalojirudia linaweza kusahihishwa. Askari anaegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, analenga alama moja, anapiga mara tatu, kisha anakwenda kutazama matundu. Yakitawanyika, kasoro ni ya mkono wake au ya bunduki yenyewe. Yakikusanyika pamoja lakini mbali na alama, kasoro ni ya vyuma vya kulengea. Hapo chuma cha nyuma kinasogezwa upande ule unaotaka risasi iende. Chuma cha mbele kinasogezwa kinyume chake.

Kuna na jambo la umbali. Jicho linaona kwa mstari ulionyooka, lakini risasi inaanza kuanguka mara tu inapotoka mdomoni. Kwa hiyo chuma cha nyuma kinainuliwa kadiri adui anavyokuwa mbali, ili mtutu utazame juu kidogo. Ndiyo maana bunduki za kijeshi zilichorwa namba za mita.

Wakubwa wa Ulaya walielewa vizuri tofauti hii. Tarehe 2 Julai 1890 walitia sahihi Mkataba wa Brussels, wakisema wanapiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake waliweka sheria ya silaha kwa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta mpaka nyuzi 22 kusini. Bunduki zenye mifereji zilizuiwa, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na watu wachache wenye kibali. Bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuendelea kuuzwa. Kwa maneno mengine: mwenyeji abaki na bunduki isiyoweza kurekebishwa.

Vita vilipokuja kwetu, tofauti hiyo ilionekana. Askari wa Force Publique walibeba Albini, bunduki ya Wabelgiji ya mwaka 1867, yenye kipenyo cha milimita 11, inayopakiwa kartushi moja moja kwa nyuma. Mwanzoni mwa 1893 jeshi la Dhanis na wapiganaji wa Sefu, mtoto wa Tippu Tip, walitazamana kwa majuma kadhaa, Lualaba ukiwa katikati, pale Nyangwe. Mto ule una upana wa mita mamia kadhaa. Kwa umbali huo gobori linapiga kelele tu. Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu, Kasongo mwezi wa nne.

Lakini tusidanganyane kwamba Albini peke yake ndiyo iliyoshinda. Wengi waliokuwa upande wa Dhanis walikuwa watu wa Gongo Lutete, aliyemwacha Tippu Tip na watu wake mwaka 1892. Shukrani aliyopewa ni kuuawa na maofisa wa Leta mwezi wa tisa 1893. Baadhi ya watu wake waliingizwa katika Force Publique, wakafundishwa bunduki za Leta. Mwezi wa saba 1895, kule Luluabourg, waliasi na kuzigeuza bunduki hizo kwa maofisa wao. Ukimfundisha mtu kulenga, huwezi tena kumnyang'anya somo hilo.

Na somo hilo linakula risasi. Leta ilizihesabu. Katika maeneo ya mpira, hasa upande wa Equateur, askari alitakiwa kuleta mkono wa kulia wa maiti kwa kila kartushi aliyoitumia. Aliyekosa shabaha, au aliyepiga nyama porini, alijaza hesabu kwa kukata mikono ya watu walio hai. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliueleza ulimwengu habari hizo. Kwa hiyo risasi iliyopotea haikupotea bure. Kuna mtoto au mama aliyeilipa.

Jambo la mwisho. Magobori mengi yaliyouzwa Afrika yalitengenezwa Liège, Ubelgiji. Jirani kabisa, Herstal, ndiko kiwanda cha FN kilikoanzishwa mwaka 1889 kutengeneza bunduki za Mauser kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Mafundi wa bonde moja waliwatengenezea watawala na watawaliwa.

Mwenye gobori la babu nyumbani, ahakikishe kwanza halina baruti ndani, kisha atazame kwenye chuma. Akiona herufi ELG ndani ya duara la umbo la yai, hiyo ni alama ya ukaguzi ya Liège. Ameshika mkononi sehemu ya historia yetu.