STENTI YA MOYO: UKISHAWEKEWA, KAZI NDIYO INAANZA

Wadau, baba yangu mdogo hapa Ngaramtoni alinitoa jasho. Miezi mitano tu baada ya kuwekewa stenti, aliacha vidonge kimyakimya. Eti, "Kifua hakiumi tena, dawa za nini?" Nilimrudisha kliniki siku hiyohiyo. Nikaona niwamegee niliyojifunza.

STENTI NI NINI? Ni kijibomba cha wavu wa chuma, kipenyo milimita 2 hadi 4 hivi. Hupitishwa kwenye mshipa wa mkono au paja hadi mshipa wa moyo ulioziba, hutanuliwa kwa puto, kisha hubaki humo. Ya kwanza kwa binadamu iliwekwa Toulouse, Ufaransa, mwaka 1986. Hapa Bongo huduma ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar.

HATARI ZAKE. Mshipa unaweza kuziba tena taratibu. Mbaya zaidi ni damu kuganda ndani ya stenti: inakuja ghafla na inaua. Mara nyingi hutokea siku 30 za mwanzo, ila hata baada ya mwaka inawezekana. Ndiyo maana mgonjwa hupewa aspirini na klopidogreli pamoja, kwa kawaida miezi 6 hadi 12, kisha mara nyingi aspirini inaendelea. Hata ukienda kung'oa jino, usiache kabla ya kumuuliza daktari wa moyo.

NANI ANAFUATILIA? Kifaa kuruhusiwa sio mwisho wa habari. Stenti ya Absorb, inayoyeyuka mwilini, iliruhusiwa Marekani 2016. Ufuatiliaji wa wagonjwa ukaonyesha damu inaganda zaidi kuliko kwenye stenti za chuma, na 2017 mtengenezaji akaacha kuiuza. Bila taarifa za wagonjwa, nani angejua? Kwetu kazi hiyo ni ya TMDA, iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi 2019, na ina ofisi ya kanda Arusha mjini. Hata mwananchi wa kawaida anaweza kutoa taarifa ya madhara.

FANYA HIVI. Omba kadi yenye aina ya stenti, namba ya toleo na tarehe, halafu ipige picha. Kifua kikibana, jasho baridi likitoka au pumzi ikikata, ni hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kupambazuke.

Baba mdogo sasa anameza dawa mbele ya mama mdogo, hakuna ujanja. Na wewe mwenye mzee nyumbani, muulize leo: vidonge vimebaki vingapi?