'Unataka uji?': Mtoto anaporudisha maneno yetu, anasema nini?

Darasani, somo la viwakilishi vya nafsi huwa jepesi. Mwalimu huandika ubaoni 'mimi', 'wewe' na 'yeye', akachora mishale miwili mitatu, na kabla ya kengele kulia wanafunzi wamekwisha kulimudu. Hata viambishi vyake, ni-, u- na a-, havimsumbui mtu aliyelelewa katika Kiswahili.

Hebu tusimame hapo kidogo. Neno 'mimi' ni la nani? Nikilitamka mimi, ni langu. Ukilitamka wewe, ni lako. 'Kikombe' hubaki kikombe hata kikitajwa na nani, lakini 'mimi' haina makao. Huhama kila msemaji anapobadilika. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alilijadili jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1922, akaonyesha kwamba maneno haya yanayohama huwatatiza watoto.

Kwa watoto wengi utata huo hupita bila mtu kuutambua. Kwa baadhi ya watoto wenye usonji, unaweza kudumu kwa miaka. Na jinsi wataalamu walivyoueleza utata huu wa kisarufi, ambao waweza kuonekana mdogo, ni historia iliyojaa makosa ambayo wazazi na watoto wameyalipia. Hiyo ndiyo mada yetu wiki hii.

Tuanze na istilahi. Kiswahili kina majina mawili: usonji na tawahudi. Hili la pili ni la Kiarabu, na lina mzizi mmoja na 'wahedi' na 'tauhidi', yaani dhana ya moja, umoja, upweke. Jina la Kizungu nalo lilibuniwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwanzoni mwa karne ya 20, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya 'nafsi'. Bleuler hakuwa akizungumzia watoto hawa. Alikuwa akieleza dalili moja ya skizofrenia. Hivyo basi, jina lenyewe lilikuja likiwa na picha ya mtu aliyejifungia ndani ya nafsi yake. Picha hiyo ingewapotosha wengi.

Mwaka 1938, mvulana wa miaka mitano kutoka mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, alipelekwa Baltimore kuonwa na daktari Leo Kanner wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Baba yake, wakili, alikuwa ametanguliza barua ya kurasa 33 akieleza tabia za mwanawe. Mvulana huyo, Donald Triplett, ndiye aliyekuwa wa kwanza kati ya watoto 11 ambao Kanner aliwaeleza katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1943. Wanane kati yao walisema, watatu hawakusema.

Kanner alikuwa na sikio zuri. Aligundua kwamba Donald alirudisha viwakilishi kama alivyovisikia. Akitaka kuoga, alimwuliza mamake kama yeye mama anataka kuoga, kwa maneno yale yale ambayo mama humwuliza. Aidha, watoto hawa hawakuwa na neno la 'ndiyo'. Walikubali kwa kurudia swali. Baba yake Donald alimfundisha kusema 'ndiyo' kwa kumwahidi kuwa akilisema atambeba mabegani. Donald akajifunza, na kwa muda mrefu 'ndiyo' kwake ikawa na maana moja tu: nataka kubebwa mabegani.

Msomaji asicheke. Mtoto huyo alikuwa ametumia mantiki safi kabisa. Neno lilikuja pamoja na tukio, naye akaviweka pamoja.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1946, Kanner aliandika makala nyingine kuhusu semi za watoto hawa zilizoonekana kutokuwa na maana. Alisimulia habari za mtoto aliyekuwa akitaja maneno mawili ya wimbo wa watoto kila alipoona sufuria. Upuuzi? La. Mamake alikumbuka kuwa siku moja, mtoto akiwa na miaka miwili, alikuwa akimwimbia wimbo huo jikoni, sufuria ikamponyoka na kuanguka. Usemi ulikuwa na asili yake, ila ni mtu aliyekuwapo jikoni siku ile tu ambaye angeweza kuutambua.

Hili lingetokea hata kwetu. Tuseme mtoto anapanda matatu kila siku na mamake, na kila wakifika mwisho wa safari anamsikia kondakta akiita, 'Mwisho wa gari!' Si ajabu mtoto huyo, akichoshwa na wageni sebuleni, asimame na kutangaza, 'Mwisho wa gari!' Wageni watacheka. Mama atajua kwamba mwanawe anataka waondoke.

Wataalamu huita tabia hii ekolalia. Mimi nitaiita usemi wa mwangwi, maana mwangwi ni neno ambalo kila Mswahili analijua.

Sasa kosa likaingia. Kanner mwenyewe alisema watoto hawa walizaliwa hivyo, lakini pia aliwaeleza wazazi wao kama watu wasio na ukunjufu. Wengine wakaishika hiyo sehemu ya pili. Bruno Bettelheim, aliyeendesha shule maalumu mjini Chicago, alichapisha mwaka 1967 kitabu kilichosomwa sana, akidai kwamba mtoto hujifungia kwa sababu ya mama asiyempenda. Hata viwakilishi alivitia katika dai hilo: mtoto asiyesema 'mimi', alieleza, anaikana nafsi yake. Kosa la sarufi likageuzwa kuwa hati ya mashtaka dhidi ya mama.

Tusidhani huo ni ujinga wa Wazungu peke yao. Sisi tuna methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mara ngapi tumeitumia kama fimbo? Mama ambaye mwanawe hasemi huanza kuulizwa amefanya nini, amemkosea nani, alikula nini akiwa mjamzito.

Waliolipinga dai hilo walitoka pande mbili. Kwanza walikuwa wazazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alichapisha kitabu mwaka 1964 akisisitiza kwamba chanzo ni cha kibiolojia, si cha mapenzi. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya wazazi huko Marekani akawaondolea lawama hadharani.

Pande ya pili ilikuwa ya utafiti, na hapa wapenzi wa lugha tuna la kufurahia. Lawrence Bartak na Michael Rutter walifanya jaribio jepesi wakalichapisha mwaka 1974. Walijiuliza: je, watoto hawa wanakwepa neno 'mimi', au wanarudia tu mwisho wa sentensi, mahali ambapo kiwakilishi hicho kwa Kiingereza hakikai mara nyingi? Wakawapa sentensi ambazo viwakilishi vilihamishwa nafasi. Matokeo yakaonyesha kwamba nafasi ya neno katika sentensi ndiyo iliyoamua. Watoto hawakuwa wakiikana nafsi. Walikuwa wakirudisha sehemu ya sentensi iliyobaki sikioni.

Kiswahili kina mpangilio wake. Nafsi zetu zimegandamana na kitenzi. Mama akiuliza 'Unataka uji?', mtoto hawezi kurudisha kitenzi akaacha u- nyuma. Isitoshe, kinachotofautisha swali hilo na kauli ya kawaida ni kiimbo tu. Kwa hiyo mtoto mwenye njaa anaweza kumwendea mama na kusema 'Unataka uji?' kwa kiimbo kile kile cha swali. Shangazi aliyekuja kutembea atadhani mtoto ana adabu ya kukaribisha wageni! Kumbe anaomba chakula.

Je, tiba ilikuwa ikifanya nini wakati huo? Taaluma ya tiba ya usemi nchini Marekani ilipata chama chake mwaka 1925, na wasiwasi wake mkubwa wa awali ulikuwa kigugumizi na matamshi. Mtoto ambaye matamshi yake ni safi lakini anarudia maneno ya wengine hakuwa na mahali panapomfaa. Katika miaka ya 1960, Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles alianza kuwafundisha watoto kuiga sauti, hatua kwa hatua, huku akiwapa kipande cha chakula kwa kila jibu sahihi. Waliokataa walikaripiwa, wakapigwa makofi, na baadhi wakaguswa kwa umeme. Jarida la Life lilichapisha picha za kazi hiyo mwaka 1965. Baadhi ya watoto walijifunza maneno. Hata hivyo, katika mtazamo huo usemi wa mwangwi ulikuwa kelele ya kuzimwa, na watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo ya aina hiyo wameeleza uchungu wake.

Mageuzi yalikuja pale mtu alipoamua kusikiliza. Mwaka 1981, Barry Prizant na Judith Duchan waliwarekodi watoto wanne kwa video wakiwa katika shughuli zao za kawaida, wakachanganua zaidi ya semi 1,000 za mwangwi. Waliangalia macho yalielekea wapi, mkono ulishika nini, kiimbo kilibadilika vipi. Wakapata kazi saba tofauti: kuna mwangwi wa kukubali, wa kuomba, wa kushika zamu katika mazungumzo, wa kujiongoza unapotenda jambo, na kadhalika. Kile kilichoitwa ukasuku kilikuwa lugha. Tofauti ni kwamba wengi wetu hujenga sentensi kutokana na maneno, ilhali baadhi ya watoto hawa huanza na sentensi nzima, kisha polepole huivunja na kupata maneno ndani yake.

Na wale watatu wa Kanner ambao hawakusema? Mwaka 1985, Andy Bondy na Lori Frost walibuni huko Delaware mbinu ya kubadilishana picha: mtoto anatoa picha ya kitu, anapewa kitu. Wazazi wengi huogopa kwamba picha zitamfanya mtoto avivu kusema. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 hayakupata ushahidi wa kuthibitisha hofu hiyo. Watoto wengi waliongeza usemi, na hakuna aliyepunguza.

Historia hii imetugusa na sisi. Mwaka 1978, Victor Lotter alichapisha matokeo ya ziara yake katika miji tisa ya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, akitafuta watoto wenye usonji wakati ambapo wengi walidhani ni hali ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka 2003 wazazi waliasisi Autism Society of Kenya, na kitengo cha watoto wenye usonji kikaanzishwa katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi.

Lakini kuna ushauri mmoja ambao bado unatolewa hapa nchini, nao unanikera kama mwalimu wa lugha. Mzazi wa mtoto aliyechelewa kusema huambiwa, 'Acheni Kikamba, acheni Kiswahili, ongeeni Kiingereza peke yake, msimchanganye.' Utafiti uliofanywa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2012 ulilinganisha watoto wenye usonji waliolelewa katika lugha moja na waliolelewa katika lugha mbili. Hao wa lugha mbili hawakuwa wamechelewa zaidi. Tafiti nyingine zimefuata njia hiyo hiyo. Mtoto akinyimwa lugha ya nyumbani, ananyimwa nyanya, binamu na majirani. Ikiwa yeye huchota sentensi nzima kutoka kwa watu wanaompenda, basi kuwaamuru watu hao waseme lugha wasiyoimudu ni kumtilia maji machafu kisimani.

Donald Triplett alikuja kufanya kazi katika benki ya mji wao, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Wenyeji wa Forest walimzoea, wakajifunza namna yake ya kuzungumza.

Kwa hivyo, mtoto akikujia na kusema 'Unataka uji?', usimcheke, wala usimkaripie ati aseme vizuri. Mpe uji. Kisha, ukimkabidhi kikombe, sema kwa niaba yake, taratibu, sentensi ambayo kesho anaweza kuirudisha ikiwa sahihi: 'Nataka uji.'