Tarehe ya Waongozi wa Misafara ya Bara: Walikozaliwa, Walikoishi, Walikofika

Katika karne ya 19 wachache Afrika Mashariki walitembea mbali kuliko wapagazi, wanyapara na viongozi wa misafara ya bara. Baadhi yao walifika Bahari ya Atlantiki kwa miguu, wengine wakateremka na mto Nili hadi Kairo, na wengine wakaiona Bara Hindi na Uingereza. Vitabu vya wazungu waliowaajiri vinawataja kwa kupitia tu, lakini ni humo humo ambamo tarehe yao inapatikana, na vipande vyake vikiunganishwa vinatosha kuonyesha walikuwa watu wa namna gani.

Kazi yenyewe ilianzia bara. Wanyamwezi walikuwa wakiteremsha pembe za ndovu hadi pwani kabla wafanyabiashara Waarabu na Waswahili hawajaweka makao Unyanyembe, palipo Tabora ya leo. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi salama alihesabiwa kuwa mtu mzima, na wengi walisafiri kati ya mavuno na kilimo ili mashamba yasilale. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa ratili 60 hadi 70, karibu frasila mbili, mbali na jamvi lake, chungu chake na chakula chake. Mnyamwezi alibeba begani, mtu wa pwani kichwani. Kirangozi, yaani mwonyesha njia, alitangulia, wanyapara walikaa nyuma kuwahimiza wachovu, na posho ililipwa kwa merikani, kaniki, shanga au masango, kwa kuwa kila nchi ilikuwa na kitu chake inachokitaka. Mkuu wa msafara aliyekosea kuchagua shanga Bagamoyo angeliwatia watu wake njaa Ugogo, ambako pia hongo, yaani ushuru wa njia, ilidaiwa na kila mtemi na maji yalikuwa ya kununua.

Kundi la pili lilikuwa la watu wa Unguja waliojiita waungwana. Wengi hawakuzaliwa kisiwani. Walizaliwa Uyao, kandokando ya Ziwa Nyasa au Umanyema, wakashikwa wakiwa wadogo, wakauzwa Kilwa au Unguja, na baadaye wakapata uhuru, ingawa wengine waliendelea kuwa mali ya mabwana waliochukua sehemu ya ujira wao. Utumwa uliwatoa bara, na kazi ya msafara ikawarudisha huko wakiwa na bunduki begani na Kiswahili mdomoni.

Anayejulikana zaidi kati yao ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa yapata mwaka 1820 Uyao, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa mtoto alitekwa, akapelekwa Kilwa, kisha akavushwa bahari hadi Gujarati, alikotumika miaka mingi. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Unguja na kuingia katika askari wa Sultani. Mapema mwaka 1857 wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walimkuta katika ngome ndogo karibu na Pangani. Kihindi alichojifunza utumwani ndicho kilichompa kazi, maana Speke aliifahamu lugha hiyo na hakujua Kiswahili.

Msafara wao ulifika Tabora Novemba 1857 na Ziwa Tanganyika Februari 1858. Agosti mwaka huo huo Bombay alikuwa pamoja na Speke ukingoni mwa Ziwa Nyanza, yaani Viktoria, upande wa Mwanza. Mwaka 1860 aliajiriwa tena na Speke, akapitia Karagwe na Buganda hadi Gondokoro, kisha Khartoum na Kairo. Mwaka 1871 aliongoza askari wa mwandishi wa habari Stanley hadi Ujiji, alikopatikana mmisionari na msafiri Livingstone. Miaka miwili baadaye Mwingereza Cameron alimchukua kuwa mkuu wa watu wake, na Novemba 1875 wakatokea pwani ya Angola, karibu na Benguela. Mzungu huyo anasifiwa kuwa wa kwanza kuivuka Afrika ya kati kutoka mashariki hadi magharibi. Bombay alivuka naye hatua kwa hatua, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuikata Afrika kutoka pwani ya Uswahilini hadi Misri. Kwa hesabu ya haki, msafiri mkubwa kati ya hao wawili alikuwa Bombay.

Heshima aliyoipata haikulingana na kazi. Speke alimpiga ngumi hadi kumvunja meno, na Stanley naye alimchapa. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa medali ya fedha na pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Abdullah Susi na James Chuma walikuja kwa njia nyingine. Susi alitoka Shupanga, upande wa chini wa mto Zambezi. Chuma alikuwa Myao, mtoto aliyefunguliwa kamba za watumwa mwaka 1861, Livingstone na wamisionari walipousimamisha msafara uliomchukua katika nchi inayoitwa sasa Malawi. Mwaka 1864 wote wawili waliivuka Bahari ya Hindi pamoja na Livingstone katika meli ndogo hadi mji wa Bombay. Susi akafanya kazi bandarini, Chuma akasoma katika shule ya misheni na kubatizwa. Mwaka 1866 walishuka naye pwani ya Mikindani na kuanza safari iliyochukua miaka 7.

Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Hapo hapakuwa na mzungu hata mmoja wa kutoa amri. Watu wa msafara walikaa baraza, wakawakubali Susi na Chuma kuwa wakuu wao, wakaamua kuipeleka maiti pwani. Uamuzi huo ulikuwa wa hatari, kwa kuwa katika nchi nyingi walizopaswa kupita maiti ya mgeni iliogopwa. Waliuzika moyo na matumbo chini ya mti, na Jacob Wainwright, Myao mwingine aliyesomea Nasik huko Bara Hindi, akasoma sala na kuchonga jina na tarehe kwenye shina. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani kwa muda wa wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa, gome la mti na turubai. Halima, mpishi wa Livingstone, alikuwa miongoni mwa wanawake waliotembea njia hiyo yote.

Tabora walikutana na msafara wa Cameron, ambamo Bombay alikuwa mkuu. Cameron alishauri maiti izikwe hapo hapo, lakini walikataa. Mbele kidogo wenyeji walipowazuia, walitengeneza furushi la mabua ya mtama, wakalirudisha Tabora kana kwamba ndiyo maiti yenyewe, kisha wakaufunga mwili upya kama robota la nguo. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Hapo walilipwa ujira na kuachishwa kazi. Wainwright peke yake ndiye aliyesindikiza jeneza hadi Westminster Abbey, alikozikwa Livingstone tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walialikwa Uingereza baadaye mwaka huo, wakasaidia kufafanua madaftari ya marehemu, ambayo bila wao yasingesomeka vizuri.

Chuma alirudi akawa mwongozi wa wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliofungua kituo Masasi mwaka 1876. Mwaka 1879 kiongozi wa msafara Keith Johnston alipofia Behobeho, Joseph Thomson aliyekuwa kijana mdogo alibaki na msafara mikononi, na ni uongozi wa Chuma uliowafikisha Nyasa na Tanganyika na kuwarudisha pwani. Alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alikwenda Kongo na Stanley, akawapo Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, ilipoanzishwa mwaka 1881. Alibatizwa mwaka 1886 na kufariki Unguja mwaka 1891.

Msafara wa Stanley ulioondoka Bagamoyo Novemba 1874 ndio uliogharimu roho nyingi zaidi katika safari zilizotajwa hapa. Zaidi ya watu 300 walianza. Waliorudi Unguja kwa meli kutoka pwani ya Atlantiki kupitia Cape Town, Novemba 1877, walikuwa mia na kidogo. Uledi, nahodha wa mashua, aliwaokoa wenzake wengi kwenye maporomoko ya mto Kongo. Njaa ilipowazidi, yeye na Robert Feruzi, aliyesoma misheni Unguja, walikuwa miongoni mwa waliotangulia hadi mji wa Boma na barua ya kuomba chakula.

Reli ndiyo iliyoua kazi hii. Ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Ya Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huo huo Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka, na wapagazi wakatakiwa tena, safari hii kwa kukamatwa, kubebea majeshi ya Kiingereza na ya Kijerumani. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepewa majina kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza.