Brandywine (nyanya)

Brandywine ni nyanya ya mbegu za kale inayopandwa hasa Marekani, yenye sifa kubwa ya utamu. Tunda ni la rangi ya waridi, bapa kidogo, mara nyingi limepasuka karibu na kikonyo, na linaweza kuzidi gramu 450. Majani hayana meno pembeni. Asiyeijua hudhani ni viazi mviringo.

Asili

Johnson & Stokes wa Philadelphia walitangaza nyanya ya jina hili mwaka 1889, ingawa wajuzi wanabishana kama ndiyo hii. Mbegu zinazoaminika zaidi zilitunzwa Tennessee na ukoo wa Dorris Sudduth Hill. Ben Quisenberry wa Ohio alizipata kwake, naye akazifikisha kwa shirika la kutunza mbegu la Seed Savers Exchange mwaka 1982.

Magonjwa

Hapa ndipo penye kazi. Chotara za kisasa huandikwa V, F na N kwenye pakiti, yaani zina kinga ya minyauko na minyoo fundo. Brandywine haina hata herufi moja. Ugonjwa wa bakajani tangulia huanzia majani ya chini kwa doa la kahawia lenye duara ndani ya duara, mithili ya kitunguu kilichokatwa, kisha jani zima hugeuka njano. Wakulima hupunguza majani hayo, hutandaza nyasi kavu ili mvua isirushe udongo, na humwagilia shinani tu.

Bakajani chelewa ni balaa zaidi. Mwaka 2009 iliwahi kuingia kaskazini-mashariki mwa Marekani, ikasambaa na miche ya madukani, na kwa mvua za msimu ule mashamba yaliungua kwa siku chache.

Wengine hubebesha Brandywine juu ya chotara yenye mizizi imara, kama Maxifort. Mche uliobebeshwa hufunikwa kivulini penye unyevu siku kadhaa mpaka kidonda kishike. Njia hii huzuia magonjwa ya udongoni. Lakini bakajani chelewa huja na upepo, haijali mizizi.

Mbegu

Mbegu huvundikwa na utomvu wake siku 2 hadi 4, zikaoshwa na kukaushwa. Mche ukiota na majani yenye meno ya kawaida, mbegu imechanganyika, na mche huo hung'olewa.

Soko

Ngozi yake nyembamba haivumilii safari, hivyo huuzwa zaidi kwenye magulio ya wakulima.