Mtaa Uliofungwa na Watoto

Katika kitabu cha maadhimisho ya hekalu msomaji hutazamia habari za jiwe la msingi, za wafadhili, na za murti zilizosafirishwa kuvuka bahari. Hayo yamo katika kurasa nyingine. Sisi tumezitumia kurasa hizi kusimulia historia ya mji wa mbali, Amsterdam, kwa sababu kila jioni kengele ya aarti inapolia, watoto wetu na wa majirani huvuka barabara ambayo magari hayapunguzi mwendo. Tumeandika kwa Kiswahili ili kila jirani asome.

Wengi hudhani kwamba Uholanzi iliumbwa pamoja na baiskeli zake. Sivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili magari yaliongezeka upesi, na wapangaji wa miji wakauona wajibu wao kuwa ni kuyapisha. Mwaka 1967 Mmarekani David Jokinen alipendekeza mfereji mmoja wa Amsterdam ufukiwe ili ipite barabara kuu, na sehemu kubwa ya De Pijp ibomolewe. De Pijp ulikuwa mtaa wa wafanyakazi, wenye nyumba zilizobanana tangu karne ya 19. Mpango huo haukutekelezwa, lakini fikra yake ilibaki. Mwaka 1971 barabara za nchi ile ndogo ziliua zaidi ya watu 3,000, na miongoni mwao watoto walizidi 400.

Mmoja wa watoto hao alikuwa binti wa mwandishi wa habari Vic Langenhoff. Mwaka uliofuata baba huyo alichapisha makala yenye kichwa ambacho kwa lugha yetu ni ‘Komesheni Mauaji ya Watoto’. Neno ‘ajali’ humwachilia kila mtu. ‘Mauaji’ hutulazimisha kuuliza ni nani. Wazazi walilifanya jina hilo kuwa la vuguvugu lao, wakaandamana kwa baiskeli na kuifunga mitaa ili watoto wacheze. Kiongozi wao mmoja, Maartje van Putten, alikuwa mama kijana. Miaka ya baadaye alikaa katika Bunge la Ulaya.

Huko De Pijp watoto wenyewe walitangulia. Filamu ya televisheni ya mwaka 1972 inawaonyesha wakikusanya saini za wakazi na kuweka vizuizi katika barabara yao. Baadhi ya madereva waliojaa hasira walishuka na kuviondoa kwa mikono yao. Kwetu sisi hapo ndipo penye kiini cha habari yote, kwani waliogombana siku ile walikuwa watu wa mji mmoja, kila mmoja akiamini kwamba barabara ni haki yake.

Katika mtaa wa Nieuwmarkt shauri lilikuwa zito zaidi. Nyumba zilibomolewa ili kujenga reli ya chini ya ardhi, na barabara pana ilikusudiwa kupita juu yake. Barabara hiyo iliondolewa katika mpango mwaka 1972, kwa tofauti ya kura moja tu katika baraza la jiji. Ubomoaji uliendelea, na mwaka 1975 wakazi walipambana na polisi waliokuja kuwatoa. Nyumba zile hazikuokolewa. Hata hivyo, mpya zilijengwa kwa kufuata ramani ya vichochoro vya zamani, na mipango ya reli nyingine za namna hiyo ikaachwa kwa miaka mingi.

Wakati huohuo mji wa Delft ulikuwa umevumbua njia ya upole: miti, vitanda vya maua, kona za makusudi, barabara na njia ya miguu zikiwa uwanja mmoja ambamo gari huenda kwa mwendo wa mtu atembeaye. Mwaka 1976 sheria ya nchi iliutambua mtaa wa aina hiyo. Kufikia mwaka 2010 watoto waliouawa barabarani katika Uholanzi nzima hawakufika 20. Hatudai kwamba mitaa pekee ndiyo iliyoleta hayo. Mikanda ya usalama na hospitali bora zina sehemu yake.

Wala hatufichi gharama. De Pijp ya leo ni tulivu na ghali, na wajukuu wengi wa wafanyakazi wale hawamudu kodi yake. Aidha, kila mti uliopandwa Delft ulichukua nafasi ambayo mtu fulani alizoea kuegesha gari, pengine mlangoni pake mwenyewe.

Rasimu ya barua yetu kwa serikali ya mtaa ipo katika ofisi ya hekalu. Inaomba matuta mawili, kivuko chenye alama, na njia ya waenda kwa miguu isiyozibwa. Aya yake ya kwanza inaachia maegesho yote yaliyo mbele ya lango letu, siku za Diwali zikiwemo. Baadhi ya waumini hawajaikubali aya hiyo. Majirani mnakaribishwa kuisoma na kuisahihisha kabla haijatiwa saini.