Chupa ya Bibi wa Lynn

Katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts huko Marekani, mji uliojulikana kwa ushonaji wa viatu kabla haujajulikana kwa jambo jingine lolote, aliishi katika karne ya 19 bibi mmoja jina lake Lydia Estes Pinkham, mke wa mtu aliyekuwa akinunua na kuuza viwanja kwa matumaini makubwa kuliko mtaji wake. Na ilipofika mwaka 1873, mabenki ya nchi ile yalipoanguka moja baada ya jingine na bei ya ardhi ikaporomoka pamoja nayo, mume yule alifilisika asiinuke tena. Bibi huyu alikuwa na ada, kama walivyokuwa nayo wanawake wengi wa zama zake, ya kuchemsha mitishamba jikoni mwake na kuwagawia majirani waliolalamika maumivu ya hedhi, udhaifu wa baada ya uzazi, na yale majoto ya ghafula yanayomjia mwanamke hedhi inapokoma. Mwaka 1875 ahali zake walikata shauri kwamba kilichokuwa kikitolewa bure sasa kiuzwe, na kutokana na ukata huo ndipo ilipozaliwa chupa ya dola moja ambayo kwa muda wa miaka hamsini iliyofuata ilikuwa mojawapo ya dawa za dukani zilizouzwa sana katika Marekani nzima.

Anayemcheka mwanamke wa siku hizo kwa kukimbilia chupa ya jirani na ajiulize kwanza tabibu angempa nini. Matabibu wengi walikuwa bado wakiwanywesha wagonjwa chumvi za zaibaki, na mwaka 1872, miaka mitatu tu kabla ya chupa ya Lynn kutoka, daktari Robert Battey wa jimbo la Georgia alikuwa ameanza kuwapasua wanawake na kuwatoa ovari, hata zile zisizoonekana kuwa na ila, kwa kutaraji kwamba maumivu na wahka wao vingeondoka pamoja nazo. Wapo waliopona, na wapo ambao hawakushuka tena katika meza ile. Mbele ya kisu cha namna hiyo, kijiko cha maji ya mizizi kutoka kwa mama wa makamo mwenye uso wa upole hakikuwa ujinga hata kidogo.

Ndani ya chupa mlikuwa na mizizi minne na mbegu moja. Miwili katika mizizi hiyo, ule wa mmea uitwao Aletris na ule uitwao Senecio, ilisifiwa kwa kuimarisha kizazi; wa tatu ni ule ambao jina lake kwa lugha yao lina maana ya mzizi wa kichomi; na wa nne ni mzizi mweusi wa kohoshi, ambao wenyeji asilia wa misitu ya mashariki ya Marekani walikuwa wakiutumia zamani sana kabla ya Wazungu kuweka mguu pale, na ambao daktari John King, mtunzi wa kitabu kikubwa cha dawa za mitishamba, aliusifu mno kwa maradhi ya wanawake. Bibi Pinkham alikuwa msomaji wa kitabu hicho, ingawa jamaa zake walipenda kusimulia kwamba nuskha ya dawa yenyewe ilipatikana kwa mtu aliyeshindwa kulipa deni, akaitoa badala ya fedha.

Mbegu hiyo moja haihitaji kufasiriwa kwa mtu yeyote aliyelelewa katika mwambao wetu, kwani ni uwatu. Waarabu huuita hulba, na ni katika mbegu za kale mno katika tiba, maana punje zake zilikutwa hata katika kaburi la Farao Tutankhamun. Na tangu Oman hadi Unguja na Mombasa umekuwa chakula cha mzazi katika siku zake arubaini, akinyweshwa ili maziwa yashuke, wala hakuna anayeuliza ni nani aliyeligundua jambo hilo, kama asivyoulizwa mtu aliyegundua nazi. Mwenye kuunywa hutambulikana, kwani jasho lake lote hunukia uwatu. Yatosha kustaajabisha kwamba mbegu ya mkungani na ya achari ilifika mpaka kwenye sufuria ya mwanamke wa Lynn ambaye yamkini hakupata kusikia jina la Unguja, wala hakuona haja ya kusema ilitoka wapi.

Lakini kilichojaza chupa zaidi kuliko mizizi na mbegu kilikuwa ni kileo, kiasi cha asilimia 18, kilichosemwa kuwa kimetiwa kwa ajili ya kuyeyusha na kuhifadhi tu. Bibi mwenyewe alikuwa mtetezi wa kuachishwa watumwa na adui wa ulevi, na wanunuzi wake wengi walikuwa wake wa watu waliokula yamini kutogusa pombe. Sioni kuwa huo ulikuwa unafiki mtupu, kwa sababu mizizi mikavu haitoi nguvu yake yote katika maji, na kileo ndicho chombo walichokijua wafanya dawa wa zama hizo. Ila pia haikatazwi kudhani kwamba baadhi ya faraja aliyoipata mnywaji saa za jioni haikutoka katika kohoshi wala katika uwatu.

Wanawe walikuwa hodari wa tijara kuliko yeye. Ndio walioweka sura yake juu ya kibandiko cha chupa na katika magazeti, hata ikawa katika sura za wanawake zilizotambulikana sana nchini, na ndio walioeneza wito kwamba mwanamke yeyote mwenye taabu amwandikie Bibi Pinkham, naye atajibu, wala hakuna mwanamume atakayeusoma waraka huo. Nyaraka zilimiminika. Bibi alifariki mwaka 1883, na nyaraka zikaendelea kumiminika, na majibu yakaendelea kutoka kwa jina lilelile, kwa kuwa katika familia hiyo alikuwapo Bibi Pinkham mwingine, mkwewe. Mpaka mwaka 1905 gazeti la Ladies' Home Journal, chini ya mhariri wake Edward Bok, lilipochapisha picha ya jiwe la kaburi lake huko Lynn, ili wasomaji wajionee wenyewe kwamba mtu wanayemweleza siri za miili yao alikuwa udongoni kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka uliofuata Marekani ilitunga sheria iliyowalazimisha wauzaji kuandika juu ya kibandiko kiasi cha kileo kilichomo, na maneno ya kujisifu yakaanza kupunguzwa kidogo kidogo.

Mwaka huohuo wa 1905, katika mhadhara aliousoma London, mtaalamu Ernest Starling alilitoa neno homoni kwa mara ya kwanza, kuzitaja zile taarishi zinazotoka katika kiungo kimoja na kusafiri ndani ya damu kwenda kuamrisha kiungo kingine. Bibi Pinkham alikuwa akisema kuwa kizazi ni dhaifu. Warithi wa biashara yake, wa Lynn na wa kwingineko, wakajifunza kusema kuwa homoni zimepoteza mizani. Lugha ilibadilika, mizizi ikabaki.

Sayansi nayo, kwa bahati, iliipa lugha hiyo mpya kisingizio chenye nguvu. Katika miaka ya 1940 mwanakemia Russell Marker alikwenda Mexico, akachimba viazi vikuu vya mwituni, akatoa ndani yake kitu kiitwacho diosgenini, na kwa hatua kadhaa za maabara akakigeuza kuwa projesteroni, homoni ya mimba, kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Na kutokana na kazi kama hiyo ndipo vilipopatikana vidonge vya kuzuia mimba, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 1960. Diosgenini imo katika uwatu pia. Basi muuzaji akamwambia mnunuzi kwamba homoni imo ndani ya mmea, akanyamaza kuhusu zile hatua za maabara, ambazo tumbo la binadamu halina uwezo wa kuzifanya hata moja.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa hiki, nacho kinapuuzwa na wanaoicheka chupa na wanaoitetea. Mwanamke wa mwaka 1880 aliyekunywa vijiko vyake vitatu aghalabu hakuwa na dawa nyingine nyumbani yenye nguvu ya kugombana nayo, ilhali mjukuu wa mjukuu wake ana kabati. Humo mna vidonge vya kuzuia mimba, vya tezi ya shingo, vya kisukari, vya shinikizo la damu, na pengine warfarini ya kuzuia damu isigande, dawa ambayo asili yake ni majani yaliyooza ya ng'ombe wa Wisconsin waliokuwa wakitokwa damu mpaka kufa, ikatumika kwanza kuulia panya mwaka 1948, kisha ikaingia kwa binadamu katika miaka ya 1950. Uwatu unaoshusha sukari ni neema peke yake, lakini ukiungana na insulini huweza kuishusha kupita kiasi. Mzizi wa Kichina wa dong quai, unaosifiwa kwa hedhi, umepata kuandikwa na madaktari kuwa uliipandisha mno nguvu ya warfarini kwa mgonjwa aliyekuwa ametulia nayo. Maharage ya soya hupunguza kiasi cha dawa ya tezi kinachoingia damuni. Na lile jani la Mtakatifu Yohana, ambalo huchanganywa na kohoshi kwa ajili ya huzuni ya ukomo wa hedhi, huliamsha ini liziharibu dawa nyingine kabla hazijafanya kazi, vidonge vya kuzuia mimba vikiwamo. Mwaka 2000 ilichapishwa habari ya wagonjwa wawili huko Zürich waliopandikizwa moyo, ambao miili yao ilianza kuukataa moyo mpya kwa sababu jani hilo lilikuwa limeipunguza dawa iliyoulinda.

Hata mizizi ya chupa ya Lynn yenyewe imekaguliwa upya. Katika jamii ya Senecio imegunduliwa sumu inayoharibu ini, na mwaka 2006 Uingereza na Australia zilitaka dawa za kohoshi ziwe na onyo la ini, baada ya kupokea habari za wagonjwa, ingawa ni wachache wakilinganishwa na wanywaji. Marekani yenyewe ilifuata njia nyingine, kwani sheria yake ya mwaka 1994 iliziweka bidhaa hizi karibu na chakula kuliko dawa, hata muuzaji asilazimike kuthibitisha manufaa yake kabla ya kuziuza, mradi asidai kuwa zinaponya maradhi.

Kampuni ya Lynn iliuzwa na familia mwaka 1968, lakini jina la bibi halikuzikwa nayo, maana maji ya mitishamba yenye jina lake yameendelea kuuzwa huko Marekani. Kohoshi ingali imo, na mzizi wa kichomi pia. Uwatu umetoka, na mahali pake, pamoja na mizizi mingine, umeingia urukususu, ule mti mtamu tunaoutafuna kwa kikohozi, ambao mnamo mwaka 1946 daktari Revers wa Uholanzi alikuwa akiwapa wagonjwa wa vidonda vya tumbo, akaona vidonda vinapona huku nyuso na miguu ya baadhi yao ikivimba, kwa kuwa urukususu huizuia chumvi mwilini, hulipandisha shinikizo la damu, na huitoa potasiamu, na mtu anayemeza dawa ya moyo iitwayo digoksini huhatarishwa na upungufu huohuo wa potasiamu. Wanunuzi wa maji hayo kwa kawaida ni wanawake waliopindukia umri wa hedhi, umri ambao vidonge vya shinikizo na vya moyo navyo huanza kupangwa katika kabati.